Behewa la Kulia

Sehemu ya nne

Kitendawili, wajukuu zangu. Semeni tega.

Nina mtumishi mmoja mwenye jina moja. Ukimwita mezani anakuja. Ukimwita msibani anakuja pia.

Fikirini huku mkisoma. Mkishindwa mtanipa mji, wala sitaki Tanga wala Dar es Salaam. Nitachukua Dodoma, na sababu mtaiona.

Aliyekosa gazeti la juma lililopita nimfupishie. Mimi ni Ikupa, mzaliwa wa milimani juu ya Mbeya, nikaolewa Kihesa, Iringa. Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa mke kijana mwenye mtoto mmoja, Esta, na darasa la nne kichwani. Darasa hilo lilinifanya msomi wa mtaa. Wanawake ambao watoto wao walikwenda kukata mkonge waliniletea barua niwasomee, wakaniita Mama Barua. Nililipenda jina hilo kuliko lilivyonipenda.

Ndipo ikaja barua ya Bibi Matilda. Mwanawe wa pekee, Kalinga, alikuwa mkongeni Ngerengere mwaka wa tatu. Siku zote aliandika kwa mkono wake, herufi nene kama mbegu za boga. Safari hii mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine, rafiki yake aitwaye Fanueli. Nikaogopa kabla sijasoma. Nikairuka salamu, maana salamu za barua ni zile zile, nikaingia katikati. Wanawake zaidi ya kumi walikuwa wamekaa wakinisikiliza.

"Relwe imeagiza mabehewa mapya ya safari ndefu kutoka Ulaya, maana ya zamani hayatoshi tena. Yamekwisha kuja. Kalinga amewekwa katika behewa la kulia. Wamemvika nguo nyeupe toka juu hadi chini. Mkonge ameuacha, hataukata tena. Wamempeleka Kigoma. Mama, usihuzunike. Bwana ni mwema."

Sisi huku hatukuwa na reli. Tulikuwa na basi la relwe tu, lile la kwenda Dodoma na lile la kwenda Mbeya. Behewa sikupata kuliona kwa macho. Lakini kulia nilikujua, na kila mwanamke wa Kihesa alikujua.

"Kigoma?" Bibi Matilda akauliza. "Kigoma tuna nani sisi?"

Kilio kilikuwa kimekwisha kupanda.

Hayo yalikuwa ya juma lililopita, nayo ni kosa. Ya leo si kosa. Ya leo yana jina jingine.

*

Tuliweka matanga bila maiti.

Bibi Matilda akanyolewa kichwa. Ng'ombe wake mmoja, yule wa maziwa, akachinjwa siku ya pili, maana watu walikuja kutoka mbali, hata Ruaha Mbuyuni, na mtu aliyetembea kutwa huwezi kumpa mboga za majani akalala nazo.

Wanawake walikaa wakimenya viazi.

"Wazungu wana akili," mmoja akasema. "Wameagiza magari ya vilio kabla watu hawajafa."

"Tena ya safari ndefu," akasema mwenzake. "Ulie mpaka ukome mwenyewe."

"Mume wangu hapandi tena hilo basi lao. Leo basi, kesho wanakuhamishia kwenye behewa."

Wakacheka kidogo, kisha wakamtazama Bibi Matilda wakaacha.

Tekla alikuwa amekaa ubavuni mwake. Huyu ndiye mchumba wa Kalinga. Posa ilikwisha kupokelewa, kilichobaki ni kijana kurudi. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akimfukuzia Bibi Matilda nzi, basi.

Siku ya tatu, alasiri, mume wangu akarudi. Bartholomeo alikuwa kondakta wa basi la relwe, na safari ya Dodoma ilimweka nje siku nyingi. Nikampakulia ugali. Akanawa, akakaa, akaanza habari zake.

"Mama Esta, nimeyaona mabehewa mapya. Yamesimama stesheni ya Dodoma, rangi bado inanuka."

Mwiko ukanikaa mkononi.

"Na lile la kulia umeliona?"

"Nimelichungulia dirishani. Lina taa, lina vitambaa vyeupe."

"Wanaolia ni wengi?"

"Wachache. Wazungu, na Mhindi mmoja tajiri."

"Wanalia nini?"

Akanitazama. "Vijiko. Uma. Kwani watu wa namna ile hulia nini, vidole?"

Nikautazama mwiko.

"Mle ndani mna meza, mama Esta," akaendelea, huku akifinyanga tonge. "Gari linakwenda, watu wanakula. Na wapo vijana wetu wanaopeleka sahani. Wamevaa kanzu nyeupe mpaka miguuni, utadhani malaika."

Sasa kitendawili mmekwisha kukitegua. Mezani anakuja, msibani anakuja. Jina lake ni kulia. Dodoma yangu mmeninyima.

Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko. Sikuwa na haja ya kuambiwa mara mbili. Nguo nyeupe, behewa, Kigoma, mkonge ameuacha. Kila neno liligeuka uso likanitazama.

"Nimesikia Kalinga amefariki," Bartholomeo akasema. "Watu wameniambia pale basi linaposimama. Mungu amrehemu. Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Barua haikusema," nikajibu.

Na ni kweli, haikusema. Shetani anapenda sana ukweli wa namna hiyo.

*

Nilikwenda kwa Bibi Matilda jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Nawaapia wajukuu zangu, nilikwenda kusema.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja kukaa nami?"

"Nimekuja kuitazama ile barua. Nataka kuona tarehe."

Barua alikuwa ameifunga kwenye pindo la kaniki yake. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akanipa. Nikasoma pale nilipoparuka.

"Kwa mama mpenzi Matilda. Mimi Fanueli sijambo, na Kalinga hajambo sana, amenenepa. Anakusalimu mara elfu, ila hana nafasi ya kuandika, gari linaondoka naye ndiye mpeleka sahani. Tekla naye asalimiwe. Aambiwe angoje, Kalinga anakuja likizo mwezi wa sita."

Mistari mitano. Ningeisoma siku ile, ng'ombe angekuwa zizini.

"Midomo yako inacheza," Bibi Matilda akasema. "Inasema nini kingine?"

Mlango ulikuwa wazi. Niliiona ngozi ya ng'ombe imewambwa uani, na kichwa chake yeye mama wa watu kinang'aa kwa wembe. Nikawaona wale wanawake wa viazi wakisimuliana. Nikasikia jina langu jipya, Mama Kulia, likipita sokoni mpaka Dodoma kwa basi la mume wangu mwenyewe.

Mtu angefufuka kwa neno langu moja. Nami nilikuwa nafikiria jina.

"Tarehe tu, mama," nikasema.

"Basi nirudishie."

Akaifunga tena, mafundo mawili. Nikajiambia, acha matanga yaishe, watu watawanyike, nitamwambia yeye peke yake kwa upole. Kesho. Mnajua kesho ni nini? Ni mnyama ukimkaribia anasogea mbele.

*

Siku ya kuanua matanga akaja kaka yangu kutoka Mbeya, Asukile.

Msimdharau Asukile. Alikuwa mtu mwema, ana shamba la pareto na viazi, ana nyumba ya bati. Lakini maneno hakuwa nayo. Alikwisha kukataliwa na wasichana wawili, na mama yetu alisema hata ng'ombe wake wamechoka kumngoja aseme. Amekuja kutupa pole, amekaa siku nzima, amesema "Ndaga", pole ya kwetu, mara tatu.

Siku ya pili akaniita pembeni.

"Dada. Yule anayechota maji ni wa nani?"

Nikatazama. Alikuwa Tekla, ndoo kichwani, anapanda kilima bila kushika.

"Alikuwa wa marehemu," nikasema.

Wajukuu zangu, hapo simameni kidogo. Siku ile ya kwanza nilisema uongo bila kujua. Mbele ya Bibi Matilda niliuficha ukweli. Lakini neno hili la marehemu nililitamka nikijua kwamba marehemu yuko garini anapeleka supu. Nikalitamka vizuri, bila kukwama, kwa sababu kaka yangu alikuwa ametazama mwanamke kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na macho yake yalikuwa na maneno.

"Basi sasa ni wa nani?" akauliza.

"Muulize baba yake."

Baba yake Tekla hakuhitaji kuulizwa sana. "Binti haolewi na kaburi," akasema. "Tena kaburi lenyewe liko Kigoma."

Wazee wakakaa. Ukoo wa Kalinga ukasema maneno yake, ukatulizwa. Bibi Matilda akasema, "Mimi simzuii. Mtoto ana maisha."

Aliyebaki ni Tekla mwenyewe. Akanijia nyumbani mchana, nikipepeta mchele, akakaa chini bila kualikwa.

"Shikamoo, Mama Barua."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe uliisoma barua. Nataka kukuuliza kitu, usinionee huruma."

"Uliza."

"Kuna mahali alinitaja?"

Mchele ukaendelea kuruka kwenye ungo. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi yake, mimi sikuwamo.

"Anitaje tu jina," akasema. "Hata kama ni salamu. Nikijua alinitaja, nitakaa kwa Bibi Matilda, nitamtunza, sitaolewa mwaka huu wala ujao. Baba atanipiga, anipige."

Nikafikiri, Asukile ni mtu mwema. Nikafikiri, atakula vizuri, atavaa vizuri, atakuwa wifi yangu. Nikafikiri kila kitu ila kile nilichoulizwa.

"Hakukutaja," nikasema.

Kisha akainama, akaanza kuokota punje zilizoanguka nje ya ungo, moja moja, akanirudishia zote.

"Ahsante, mama. Basi mwambie kaka yako nimekubali."

*

Mchungaji alitangaza ndoa Jumapili ya kwanza. Akatangaza ya pili. Harusi iliwekwa Jumamosi baada ya tangazo la tatu. Asukile akaja kutoka Mbeya na koti jipya, akaanza hata kuongea. Siku moja alisema sentensi nzima juu ya mvua. Nilikwenda jikoni nikajifunika uso kwa kanga.

Mwezi wa sita ulikuwa umeingia.

Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo la tatu, Bartholomeo akarudi kutoka Dodoma mchana. Hakunawa. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi.

"Mama Esta, juzi nimepewa chai na marehemu."

Nikasogea mlangoni.

"Nilikuwa stesheni, gari la moshi la bara limesimama. Mtu akaniita dirishani, shemeji, shemeji. Nikageuka. Kalinga. Kanzu nyeupe, mashavu haya. Akanimiminia chai akanipa na mkate. Nimeinywa, mama Esta. Nilifikiri nami nimekufa."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Kwamba nimekula nyama ya matanga yake? Ameniuliza mama hajambo, nikasema hajambo. Ameniuliza Tekla, nikasema yupo. Anakuja likizo Jumanne, kwa basi langu. Amenionyesha viatu alivyomnunulia."

Akavua kofia.

"Njia nzima nimekuwa nikijiuliza barua ilisema nini. Nikakumbuka siku ile nakula, ukaniuliza wanaolia ni wengi. Nilidhani unatania." Akanitazama sana. "Ulijua?"

"Sikujua nilipoisoma."

"Sikukuuliza hilo. Ulijua lini?"

"Siku ile. Ulipokuwa unakula."

Bartholomeo hakuwahi kunipiga, wala hakunipiga siku hiyo. Alikaa juu ya kinu, mtu mzima, akashika kichwa.

"Majuma sita," akasema. "Nimepita mlango wa yule mama kila nirudipo nikimwambia pole."

"Baba Esta..."

"Kesho ni tangazo la tatu. Utasema wewe au niseme mimi?"

"Nitasema mimi."

"Kanisani. Mbele ya watu. Palipolia watu wengi hapanong'onezwi."

"Nitasema," nikamwambia. Na safari hii nilikusudia hivyo, na kukusudia ni kitu chepesi, kila mtu anakiweza.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Sisi wanawake upande wetu, wanaume upande wao. Asukile mbele na koti lake. Tekla kwenye benchi la mbele yangu, nywele zimesukwa kwa harusi. Bartholomeo alikaa ukingoni, akinitazama mimi badala ya madhabahu.

Mchungaji akasoma majina mawili kwa mara ya tatu.

"Mwenye neno la kuzuia ndoa hii, aseme sasa."

Nikashika benchi. Magoti hayajanyooka, Bibi Matilda akasimama.

Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe, fupi. Hakuwahi kusema kanisani tangu nimjue.

"Mimi nina neno, lakini si la kuzuia," akasema. "Binti huyu alikaa nami mavumbini. Namtoa kwa moyo mmoja. Naomba jambo dogo. Barua ya mwanangu isomwe hapa, ili naye awe ameagana na mchumba wake. Halafu nitaichoma, nipumzike."

Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. "Isomwe na nani, mama?"

"Na Mama Barua. Sauti yake ndiyo ninayoisikia kila siku."

Akafungua fundo la kwanza. Akafungua la pili. Karatasi ikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu. Nikaenda mbele. Asukile akanitabasamia, meno yote, kama tulipokuwa wadogo.

Ningeweza kusoma katikati tena. Ilikuwa pale, mistari inayojua njia ya kinywa changu. Bartholomeo akasimama.

Nikaanza juu.

"Kwa mama mpenzi Matilda. Mimi Fanueli sijambo, na Kalinga hajambo sana, amenenepa."

Kwanza hakuna aliyesikia. Watu walikuwa wameinamisha vichwa kwa msiba, na masikio ya msiba husikia kile yanachongoja. Nikasoma mbele. Mpeleka sahani. Mwezi wa sita. Nilipofika "Tekla naye asalimiwe, aambiwe angoje," kichwa kilichosukwa kikainuka.

Kisha nikaeleza. Nikasema behewa la kulia ni la kulia chakula. Nikasema mume wangu amemwona Kalinga kwa macho, mzima, na Jumanne atashuka Iringa.

Kanisa likawa kama mzinga uliopigwa jiwe. Wengine walicheka, wengine walilia, mwanamke mmoja akakaa chini kabisa. Mchungaji akainua mikono mpaka wakatulia.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha, "mama huyu amekosea kusoma. Ni nani kati yetu hajakosea? Yeye ana darasa la nne, na neno lenyewe ni la ujanja. Tumshukuru Mungu, tumsamehe ndugu yetu."

"Amina," watu wakasema.

Mlango ulifunguliwa mbele yangu, wajukuu zangu, mpana kama wa zizi. Nilihitaji kuinamisha kichwa tu, nipite. Asukile alikuwa amekaa, ameshika koti lake magotini, hajui bado amepoteza nini. Tekla alikuwa amenigeukia.

Bibi Matilda hakusema amina.

Alikuwa bado amesimama. Hakulia wala hakucheka. Alinitazama kama mtu anayehesabu siku vidoleni.

"Mwanangu," akasema, kwa upole ule ule wa siku zote. "Siku ya tatu ya matanga ulikuja kwangu, ukaniomba barua utazame tarehe. Midomo yako ikacheza. Maneno haya ya mwanzo yalikuwapo?"

Hakuna benchi lililolia.

Mchungaji akatutazama, yeye, kisha mimi. Furaha ikamtoka usoni polepole.

"Mama Barua," akasema, "umeulizwa."